Nimekimbia kilomita 600 na katambuga za tairi: haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 12,000 kwa jozi, baada ya kuvutana. Fundi alianzia 18,000 kwa sababu aliniona na saa ya kukimbilia mkononi. Mwenzangu aliyekuja na ndala za bafuni alitajiwa 13,000 palepale, kwa katambuga zilezile. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kabla ya mengine yote: ukienda mnadani, acha saa nyumbani.

Nilizinunua kwenye mnada mmoja nje kidogo ya Arusha, upande wa mbuzi, ambako mafundi hukaa chini ya mgunga na marundo yao ya matairi. Wakenya wanaziita akala. Kwetu hakuna asiyezijua: mlinzi wa geti anazo, mchunga ng'ombe anazo, na babu yangu tumemzika miaka kumi iliyopita zake bado ziko nyuma ya mlango, nzima. Viatu vya mbio vinaandikiwa tathmini kila siku, hadi rangi ya kamba zake. Katambuga sijaona aliyeziandikia. Basi nimejitolea miguu yangu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, miaka 43. Nakimbia tangu 2016, mwaka ambao daktari alinipima presha akaniangalia kwa huruma. Marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi nimeimaliza mara nne, ya haraka kuliko zote saa 4 na dakika 21, kwa hiyo msije mkadhani mnasoma maneno ya bingwa. Siku hizi nimeingia tamaa ya mbio zinazozidi marathoni, zile wanazoziita ultra: kilomita 50, 80, 100. Na huko ndiko nilikokutana na tatizo la viatu. Jozi yangu ya mwisho ya dukani iligharimu 385,000, na soli yake ya povu ilikuwa imelala kabisa kabla mwaka haujaisha. Hesabu ya mshahara wa mwalimu mnaijua.

Aliyeniingiza kwenye habari ya tairi ni binti mmoja wa Mexico ambaye hana habari nami. Anaitwa Lorena Ramírez, kazaliwa 1995, ni Mrarámuri wa milima ya Chihuahua, kaskazini mwa nchi ile ambayo sisi Watanzania tuliijua kwa Mzee John Stephen Akhwari na mguu wake uliofungwa bendeji kwenye Olimpiki ya 1968. Kwao Lorena ni majabali na mabonde, nyumba moja iko huku nyingine ng'ambo ya korongo, na safari ya dukani ni ya miguu. Amekua akichunga mbuzi na ng'ombe. Baba yake ni mkimbiaji, na ndugu zake nao wanakimbia.

Aprili 2017 alikwenda jimbo la Puebla, kwenye mbio za milimani za Cerro Rojo, kilomita 50, wakimbiaji kama 500 kutoka nchi 12. Wenzake walikuwa na mikoba ya maji mgongoni, miwani, soksi za kubana na vile vipakiti vya sukari vya kufyonza. Yeye alikuwa na sketi, kofia, chupa ya maji, na miguuni viatu vilivyokatwa kwenye tairi. Akawashinda wanawake wote kwa saa 7 na dakika 3. Zawadi ilikuwa peso 6,000, kama dola 300 hivi. Mwaka uliofuata akaenda Tenerife, kisiwa cha Uhispania, mbio za zaidi ya kilomita 100 kwenye nchi ya volkano, akamaliza wa tatu katika kundi la umri wake. Sketi ileile, aina ileile ya viatu.

Filamu fupi kuhusu maisha yake ilitoka 2019. Nimeiangalia mara tatu kwenye simu. Mara ya tatu sikuangalia uso wala milima, niliangalia miguu tu. Nikamwita mke wangu: njoo uone, mbona hizi ni katambuga! Akatazama, akasema, "Ndiyo. Sasa?"

Hilo "sasa?" limenichukua miezi saba.

Jozi ya kwanza ilikuwa kosa langu. Nilichagua iliyonivutia macho: nene, imekatwa kwenye tairi la lori, mikanda mipana ya mpira inapita juu ya vidole na nyuma ya kisigino, misumari midogo imepigwa pembeni ikakaa kama shanga. Nilipita nayo duka la nyama la mtaani, nikamwomba muuzaji anipimie. Kilo moja na robo, jozi. Viatu vyangu vya dukani vilikuwa gramu 560. Wateja waliokuwa wanasubiri maini walifurahi sana.

Sasa fikirini: hatua moja ya kukimbia unanyanyua zaidi ya nusu kilo mwishoni mwa mguu, na mguu ni kama pendulamu, uzito ukikaa mwisho wake ndiyo unagharimu zaidi. Kilomita moja kwangu ni hatua elfu moja na kidogo. Nilikimbia kilomita 6 za kwanza alfajiri, kabla wanafunzi hawajaamka. Nikasikia sauti yangu mwenyewe barabarani, kwap, kwap, kwap, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Nilirudi na lengelenge moja kila kidole kidogo, na kichwa cha msumari kilichokuwa kimeanza kunijua kisiginoni. Kesho yake mashavu ya miguu yaliuma hadi nikafundisha vipindi vinne nimekaa.

Nikarudi kwa fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Zimekuuma."

Hakuuliza, alisema. Kisha akaniambia kwamba siku ile aliniuliza nataka za kutembelea au za shambani, nikamjibu za kukimbilia, akadhani natania. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya Lorena akiwa mbioni. Aliishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaikuza kwa vidole viwili, akapita uso, akapita sketi, akafika miguuni akatulia hapo muda mrefu.

"Huyu mtoto anachunga."

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha vifundo vya miguu, bila maelezo, kana kwamba inatosha. Halafu akaweka kucha juu ya ile kamba ya ngozi inayoshuka katikati ya kidole gumba na kidole cha pili, ikazunguka kisigino na kufungwa juu ya kifundo. "Fundi wake amepitisha hapa ili mguu usiteleze mbele. Kwao kuna mteremko mrefu." Sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu mabonde ya Chihuahua, ambayo mengine yana kina kuliko lile korongo maarufu la Marekani.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba matairi hayafanani. Kuna tairi za nyuzi na kuna tairi za waya. Za waya ndizo nyingi siku hizi, zina matabaka ya chuma ndani, na ukizikata ncha za waya zinajificha kwenye mpira zikisubiri soli ipungue ndipo zikuchome. Fundi mzuri hazigusi kwa kiatu. Anatafuta tairi kuukuu za nyuzi, au za pikipiki. Ya pikipiki ni nyembamba, laini, inakunjika na mguu, na meno yake yamechongwa kwa njia za matope. Kasoro yake ni upana: mguu mkubwa unamwagika pembeni. Mimi navaa namba 42, nikatosha. Kama unavaa 45, utarudi kwenye tairi la gari na uzito wake.

Jozi ya pili, tairi la pikipiki, kamba ya ngozi ya ng'ombe badala ya mikanda ya tyubu, ilinigharimu 15,000 pamoja na kamba ya akiba. Duka la nyama lilisema gramu 640. Hiyo ndiyo jozi ninayoiandikia hapa. Ile ya lori mke wangu anamwagilia nayo bustani na hana malalamiko.

Niseme kidogo kuhusu hao Wararámuri, watu wa kabila la Lorena, maana kuna mambo watu wanayazungusha mtandaoni mpaka yanageuka uganga. Ni kweli ni watu wa mbio. Wana mchezo wao, rarajípari, wanaume wanapiga mpira wa mti kwa mguu na kuufuata kilomita na kilomita, timu kwa timu, wakati mwingine usiku kucha. Wanawake wana wao wa kurusha kipete kwa fimbo. Wawili kati yao walikimbia marathoni ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928. Wanakula unga wa mahindi yaliyokaangwa uliokorogwa kwenye maji, na pombe yao ya mahindi wanainywa kwa pamoja kazi ikiisha, jambo ambalo mtu yeyote wa Kilimanjaro mwenye mbege nyumbani atalielewa bila kufundishwa. Wengine wanawaita Tarahumara.

Dunia ya ultra iliwagundua Leadville, Colorado. Hizo ni mbio za maili 100, yaani kilomita 160, kwenye mji ulio mita kama 3,100 juu ya usawa wa bahari, na njia inapanda kuvuka kiasi cha mita 3,800. Arusha yetu iko mita 1,400 na bado wageni wa Dar wanalalamika pumzi. Mwaka 1992 Wararámuri walipelekwa huko kwa mara ya kwanza, hakuna aliyemaliza. Mwaka 1993 wakarudi. Simulizi ya mwaka ule ni kwamba walikwenda jalala la mji, wakachagua matairi, wakakaa chini wakajikatia viatu. Aliyeshinda ni Victoriano Churro, mkulima wa miaka 55. Wa pili Mrarámuri. Wa tano Mrarámuri. Mwaka 1994 Juan Herrera akashinda kwa saa 17 na dakika 30, rekodi ya njia ile wakati huo, mbele ya Ann Trason wa Marekani, mwanamke aliyemaliza wa pili katika mbio nzima kwa saa 18 na dakika 6.

Miaka 55! Nilipolisoma hilo nilikuwa nimelala kitandani na barafu kwenye shavu la mguu.

Ila hapa lazima mtu aseme ukweli. Wale wazee hawakuvaa tairi kwa sababu tairi lina siri. Zamani walivaa ngozi, kama Wamasai walivyovaa ngozi ya ng'ombe. Malori yakafika, matairi yakachakaa yakaachwa, na watu wenye akili huko na huku wakaona jambo lilelile: hiki kitu hakiishi, na ni cha bure. Ukitaka kujua kama kiatu ndicho kinachokimbia, muulizeni Abebe Bikila wa Ethiopia. Olimpiki ya Roma 1960 alishinda marathoni peku. Tokyo 1964 akavaa viatu, akashinda tena, tena kwa dakika tatu pungufu ya zile za Roma. Na Tete Dijana wa Afrika Kusini, aliyekuwa mlinzi wa chuo kikuu, alikimbia mbio za ultra za Comrades za 2023 kutoka Pietermaritzburg hadi Durban, karibu kilomita 88, kwa saa 5, dakika 13 na sekunde 58, rekodi ya mbio hizo zinapokimbiwa kwa kushuka. Miguuni alikuwa na viatu vya kisasa vya povu nene. Walinzi wa kwetu ndio wenye tairi, na hawajakimbia Comrades.

Haya, turudi kwenye jozi.

Wiki sita za kwanza sikukimbia nazo zaidi ya kilomita 5 kwa mara moja. Hili silisemi kama pambo. Kiatu cha dukani kina kisigino kilichoinuka, katambuga iko sawa na ardhi, kwa hiyo kano ya kisigino na shavu la mguu vinavutwa urefu ambao havijauzoea. Ukiingia kwa pupa utaumia, na hospitali haitauliza bei ya kiatu. Nilianza kwa kutembea nazo kwenda kazini. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akaniuliza kwa upole kama kuna matatizo nyumbani. Wanafunzi wa kidato cha pili walinipa jina ambalo sitaliandika.

Kilichobadilika ni hatua. Kwa viatu vya povu nilikuwa natua na kisigino, hatua ndefu, kama 158 kwa dakika kwa mujibu wa saa. Kwa tairi ukitua na kisigino unasikia mpaka kwenye meno, kwa hiyo mwili wenyewe unafupisha hatua bila kuombwa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa kwenye 172, mguu unatua chini ya kiuno badala ya mbele. Goti la kulia lililokuwa linanisumbua tangu marathoni ya pili limenyamaza. Sisemi katambuga zimelitibu. Ninasema limenyamaza, na kano ya kisigino cha kushoto, ambayo haikuwahi kuniuma maisha yangu yote, sasa huongea kila Jumatatu asubuhi.

Jozi yangu ilikatika kamba kilomita ya 212, pale inapotokea chini ya kidole gumba, kwa sababu fundo linakaa upande wa ardhi na barabara inalisaga. Nililitengeneza palepale kwa ile kamba ya akiba, dakika nne, nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Kiatu cha 385,000 kikipasuka porini huna la kufanya. Fundi baadaye akachimba kishimo kidogo kwenye soli ili fundo lijifiche, na tangu hapo halijakatika. Ukiagiza zako mwambie achimbe tangu mwanzo, wengine hawafanyi mpaka uombe.

Mvua ni habari nyingine. Masika nilizichukia. Chini zinashika vizuri, yale meno ya pikipiki yanauma tope, lakini juu mguu uliolowa unaogelea kwenye mpira. Mteremko mmoja wa njia ya shamba nilienda nusu yake kwa makalio. Nilibandika kipande cha ngozi ndani kwa gundi, shilingi 3,000, ikapunguza tatizo kwa kiasi kikubwa lakini haikulimaliza. Na jua la saa saba mchana kwenye lami: mpira mweusi unachemka, unasikia harufu, na unapaswa kuwa na sababu nzuri ya kuwa barabarani saa hiyo.

Mtihani wenyewe ulikuwa Jumamosi moja ya Septemba. Tulikuwa watatu, tukatoka Ngaramtoni saa kumi na moja na nusu alfajiri kuelekea Oldonyo Sambu na kurudi, kwa njia za vumbi za pembeni mwa barabara ya Namanga. Anayeijua nchi ile anajua vumbi lake: jepesi, la kijivu, la Mlima Meru, unalikanyaga linapanda mpaka kiunoni. Kwa viatu vya kufunika, baada ya saa moja umebeba kilo ya mchanga kwenye soksi. Kwangu liliingia na kutoka kama mgeni mwenye adabu. Vijiwe vilevile. Wenzangu walisimama mara tano kukung'uta viatu, mimi niliwasubiri nikila ndizi.

Halafu miiba. Kule ni migunga mitupu, na mwiba wa mgunga unaufahamu urefu wake. Kilomita ya 19 mwenzangu mmoja, mwenye viatu vya milimani vya bei ambayo hakutaka kuitaja mbele ya mkewe, alipiga ukelele. Mwiba ulikuwa umepita povu kama unapita mkate. Nilipogeuza katambuga zangu jioni ile nilihesabu miiba tisa imejikita kwenye soli, mmoja wao ukiwa umeingia robo tatu, hakuna uliofika upande wa pili. Hii ndiyo sababu mchungaji anavaa tairi, na ningeanza na hili kama ningekuwa nafanya tangazo. Lakini sifanyi tangazo, kwa hiyo niongeze kwamba mwiba wa kumi ulikuja kwa pembeni, ukachoma kidole kidogo kisicho na ukuta wowote, na nililia machozi halisi mbele ya watoto wawili waliokuwa wanachunga. Mmoja wao alinitazama miguuni, akatazama za kwake, tairi kwa tairi, akasema "pole baba" kwa sauti ya mtu mzima.

Kilomita 46 kwa saa 5 na dakika 38. Njia ileile, mwezi mmoja kabla, nikiwa na viatu vya dukani, nilitumia saa 5 na dakika 21. Kwa hiyo mnaotafuta kasi, majibu ni hayo: dakika 17 zilipotea, nyingi kwenye kushuka, maana bila povu huwezi kujiachia, lazima uchague pa kukanyaga kila hatua. Nilifika nimechoka kichwa kuliko miguu. Kesho yake, tofauti na nilivyotarajia, nilipanda ngazi za kanisani bila kushika ukuta.

Nilijaribu hata ule unga. Mke wangu alikaanga mahindi kwenye sufuria, tukasaga mashineni, nikakoroga kwenye chupa na sukari kidogo na ndimu. Ladha ni ya uji ulioghairi. Lakini tumbo lilitulia saa zote tano, wakati vile vipakiti vya kufyonza huwa vinanitafutia kichaka kuanzia kilomita ya 30. Nitaendelea nao.

Vipimo vya mwisho, kwa wanaovipenda kama mimi. Hadi leo nimefika kilomita 612. Soli pale kisiginoni ilikuwa milimita 11.2 mpya, nilipima kwa vernia ya maabara (mkuu wa shule asisome hapa). Sasa ni 10.5. Kwa mwendo huo nitazichoka kabla hazijanichoka. Gharama yote, pamoja na ngozi ya ndani, kamba na marekebisho, ni shilingi 19,000, ukiacha ile jozi ya bustani. Gawanya mwenyewe. Kwenye hasara andika: nyayo nyeusi zisizotakata kwa sabuni ya kawaida, mashuka mawili meupe ambayo sitayazungumzia zaidi, na harufu ya mpira ya wiki mbili za mwanzo.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningetoa nne kama si masika. Kwa njia za vumbi, za miiba, za polepole, kwa mtu mwenye subira ya miezi mitatu, sijaona cha kuzishinda kwa bei hiyo. Kwa marathoni ya lami usijisumbue, vaa viatu vyako. Kwa mtu mwenye kisukari au aliyepoteza hisia za miguu, tafadhali usijaribu kabisa, maana kidonda cha mkanda utakigundua kimechelewa. Na kama unazitaka kwa sababu umemwona Lorena, kumbuka yeye alianza akiwa mtoto nyuma ya mbuzi, wewe umeanza ukiwa na kitambi nyuma ya dawati. Mimi pia.

Ukienda, nenda mchana baada ya kutembea, mguu ukiwa umevimba kidogo, fundi akuchoree hapohapo juu ya tairi kwa chaki. Sema tairi la pikipiki, la nyuzi. Sema kamba ya ngozi ipite kati ya vidole, na fundo lifichwe. Lipa nusu kwanza. Zivae, ruka ruka mara kumi mbele yake, na kama msumari unasikika sema saa ileile, ataupiga bila kununa.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi ile picha ya Lorena, nimeichapisha stationery karatasi nzima ya rangi. Aliitazama, akacheka, akaigongomea kwenye shina la mgunga kwa misumari yake ya katambuga, juu kidogo ya kichwa chake anapokaa. Bei sasa inaanzia 25,000.